Mwalimu Asiyetupa Kitu

Mume wangu analipwa mshahara kwa kufundisha watu kutupa vitu. Hazoi taka, ingawa jirani yetu wa mlango wa pili aliamini hivyo kwa miaka miwili na akawa anatuwekea chupa tupu kizingitini. Anafundisha kuandika programu za kompyuta katika chuo cha ufundi, kwenye chumba cha ghorofani chenye kompyuta kumi na nne, mbili kati ya hizo zikiwa mapambo tu. Somo analolipenda kuliko yote ni la kumbukumbu ya kompyuta: jinsi programu inavyoomba nafasi ya kuweka kitu, inavyokitumia, na jinsi nafasi ile inavyopaswa kurudishwa kazi ikiisha. Akilifundisha hilo hutoka jasho na kuvua koti. Wanafunzi wamembandika jina la Mzoataka, na yeye, badala ya kukasirika, ameliandika kwenye kifuniko cha chupa yake ya chai.

Huyo ndiye wa chuoni. Wa nyumbani ni mtu mwingine kabisa.

Wa nyumbani hatupi kitu. Ana miaka hamsini na moja, mrefu, mwembamba, mwenye mwendo wa mtu aliyesahau kitu nyuma na bado hajaamua kama akirudie. Akiona skrubu njiani huinama. Mimi ni fundi cherehani, na hakuna kazi ninayoifanya bure mara nyingi kama kushona mifuko ya suruali zake, maana kila baada ya miezi mitatu hutoboka kwa uzito wa chuma. Skrubu zenyewe huishia chumba cha nyuma. Chumba hicho kilikuwa cha watoto. Watoto walipokua na kuondoka, kila mmoja na maisha yake, nilipepesa macho mara moja tu nikakuta kimejaa kibodi.

Kibodi kumi na moja, nilizihesabu. Moja haina herufi A. Nilipomuuliza anaiwekea nini, alinijibu kwa utulivu kwamba herufi nyingine zote zimebaki. Kulikuwa pia na printa mbili, feni isiyo na mapanga, televisheni ya zamani yenye kisogo kikubwa, kompyuta ya mkononi iliyokata roho kabla mtoto wetu wa kwanza hajamaliza shule, na maboksi ya nyaya zilizokumbatiana kiasi kwamba ukivuta moja zinakuja zote.

Somo lake nalijua kuliko wanafunzi wake, kwa sababu hulifanyia mazoezi mbele ya meza yangu ya kukatia. Mimi nakata, yeye anahutubia.

"Hiyo karatasi yako ya kukatia," huniambia, "inaonyesha gauni litakavyokuwa. Mikono, kiuno, upindo, vyote vimo. Je, karatasi ni gauni?"

"Ivae utoke nayo nje, utajua."

"Siyo gauni! Kwa karatasi moja unashona magauni hamsini, na karatasi yenyewe haijachukua henga hata moja kabatini. Lakini kila unaposema nashona jipya, papo hapo panatakiwa kitambaa chake na henga yake. Programu nayo ni hivyo hivyo. Kuna kiolezo, halafu kuna vitu vinavyoumbwa kwa kiolezo hicho, na kila kimoja kinakula nafasi."

Halafu huja kwenye meza na kabati, hapo ndipo koti linapovuliwa. Meza yangu, anasema, haina shida: cha mwisho kuwekwa juu ndicho cha kwanza kuondolewa, kazi ikiisha nakung'uta vipande, meza nyeupe. Kabati ndilo lenye mambo. Kilichotundikwa kabatini kinakaa humo hadi pasiwe na mtu hata mmoja anayekihitaji, na kama hakuna wa kuangalia, litajaa, na siku moja nitasimama na gauni jipya mkononi nisiwe na pa kulitundika. "Programu inakufa hivyo," husema kwa huzuni ya kweli. "Kumbe haikuzidiwa na kazi. Ilizidiwa na vitu vilivyokwisha kazi."

Namtazama yeye, natazama mlango wa chumba cha nyuma, ambao haufunguki hadi mwisho. Yeye hajishtukii hata kidogo.

Mwaka fulani nilimpa mfano ambao anautumia hadi leo. Walikuja wanawake wawili, mtu na mdogo wake, wakashonesha gauni moja la kuvaa kwa zamu, na kila mmoja nikampa kikaratasi chake cha kuchukulia. Mdogo akaja peke yake akataka nilipunguze hadi magotini. Nikapunguza. Wiki iliyofuata akaja mkubwa, ambaye ni mrefu kama mlingoti, kuchukua gauni lake refu. Matusi niliyoyala siku ile sitayasahau. Mume wangu alisimama pembeni, uso unang'aa.

"Vikaratasi viwili, kitu kimoja!" akasema. "Kikaratasi siyo gauni! Akilibadilisha huyu, limebadilika na kwa yule!" Mimi natukanwa, yeye anatafuta kalamu.

Basi ndiye mtu niliyeishi naye miaka ishirini na saba, na kusema kweli nilikuwa nimemzoea, mpaka Jumatatu ile kaka yangu alipopiga simu.

"Dada, nimehamishwa kazi," akasema. "Mwisho wa wiki natakiwa niwe kituo kipya, na huko nitapewa chumba kimoja. Mama itakuwaje?"

"Mama atakuja kwangu." Hata sikuvuta pumzi.

"Una nafasi?"

"Ninayo," nikasema, macho yangu yakiwa kwenye ule mlango.

Niwaeleze Mama yangu alivyo. Ni mtu wa kuhisi. Mwambie subiri kidogo, mara moja tu, atajua hatakiwi. Hatalalamika, atabeba mkoba wake na kukushukuru. Na alikuwa na pa kwenda. Mama mdogo, anayeishi mwendo wa siku mbili kwa basi, alikuwa amemwita tangu zamani. Mama akienda huko, na nyonga yake ile iliyotiwa vyuma, asingerudi tena, nami ningemwona mara moja kwa mwaka nikibahatika. Nilikuwa nimemkosa miaka sita, tangu Baba alipofariki, Mama akahama nyumba yao na kaka akamchukua. Sikuwa tayari kumkosa tena kwa ajili ya kibodi isiyo na A.

Mume wangu aliporudi kutoka chuoni sikumpa hata nafasi ya kuvua viatu.

"Mwalimu, Jumamosi saa sita mchana Mama anaingia chumba cha nyuma. Akikuta humo hata waya mmoja, wewe utahamia chuoni ukalale na zile kompyuta zako mbili za mapambo."

Nilitegemea ubishi. Badala yake alikaa, akafikiri, akasema Mama ni mtu mkubwa na jambo hili litafanywa kitaalamu. Nilipaswa kushtuka pale pale.

Utaalamu wenyewe ulikuwa huu. Alichukua kalamu yake ya wino wa kijani, ile ya kusahihishia mitihani, akakata karatasi vipande vidogo, na juu ya kila kipande akaandika: Inahitajiwa na, halafu jina la mwenye kuhitaji. Kila kitu chumbani kingebandikwa vikaratasi vyake. Chenye kikaratasi hata kimoja kinabaki, kisicho nacho kinatoka. "Ni njia inayojulikana duniani kote," akasema. "Unahesabu wanaokihitaji. Wakifika sifuri, kwaheri."

Jumanne alijifungia humo. Jumatano akajifungia tena. Alhamisi alasiri akatoka na vumbi hadi kwenye kope, ameshika kopo la dawa ya viatu lililokauka.

"Hili halina mtu," akatangaza.

"Na vingine?"

"Vingine vyote vina watu."

Siku tatu, kopo moja. Niliweka mkasi chini, nikaingia kwa ubavu kama unavyoingia chumba kile, nikaanza kusoma vikaratasi. Kwenye kompyuta ya mkononi iliyokufa: Inahitajiwa na chaja. Kwenye chaja: Inahitajiwa na kompyuta ya mkononi. Kwenye printa: Inahitajiwa na boksi la wino. Kwenye boksi la wino: Inahitajiwa na printa. Feni ilihitajiwa na mota yake, mota ilihitajiwa na feni, na ile kibodi isiyo na A ilihitajiwa na kibodi nyingine, ambayo A ndiyo pekee iliyobaki. Nilicheka hadi nikakalia televisheni.

"Unacheka nini?" akauliza, ameumia.

"Mwalimu, hii kompyuta inawaka?"

"Haiwaki."

"Sasa ya nini?"

"Chaja yake nzima kabisa."

"Na chaja ya nini?"

"Si ya hiyo komp..."

"Mume wangu, hawa wanashuhudiana," nikamwambia. "Huyu anasema mwenzake ni wa maana, mwenzake anasema huyu ni wa maana, na nje ya mlango huu hakuna hata mtu mmoja anayewajua."

Nimemwona mume wangu siku ya harusi na siku ya kuzaliwa watoto wetu, lakini uso kama ule sikuwahi kuuona. Alikaa juu ya boksi la nyaya. "Wiki iliyopita," akasema kwa sauti ndogo, "nimewakata wanafunzi tisa alama kwa kosa hili hili."

Halafu, mwalimu ni mwalimu, akaanza kunieleza hapo hapo juu ya boksi. Kuhesabu vikaratasi kuna upofu wake. Vitu viwili vikishikana mikono, hesabu yao haifiki sifuri hata dunia nzima iwe imevisahau. Ndiyo maana mzoa taka wa kweli ndani ya kompyuta hahesabu vikaratasi. Anaanzia kwenye mizizi, yaani vile vitu ambavyo hakuna shaka vinatumika sasa hivi. Kutoka hapo anafuata kila uzi: huyu anashika nini, na hicho kinashika nini. Alichokifikia kinabaki. Asichokifikia anakizoa, hata kiwe kimeshikana na wenzake mia.

"Na mizizi ya nyumba hii ni nini?" nikauliza.

"Wenye kupumua," akajibu.

Ijumaa nilifunga kazi zangu, nikaweka kigoda mlangoni mwa chumba cha nyuma, nikakaa. Nje alisubiri msukuma mkokoteni, mwanamume wa makamo ambaye nilikuwa nimemwonya asilete huruma. Mwalimu alikuwa ananionyesha kitu kimoja kimoja, nami nauliza swali moja: kati yetu sisi tunaopumua, nani anakihitaji? Hakuna cha kusema printa inakihitaji.

Jamani, nilifurahi. Sifichi. Printa zilitoka. Feni ikatoka, mota ikaifuata. Televisheni ilibebwa na watu wawili kama mgonjwa. Alipofika kwenye kibodi alijaribu kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, akisifia macho yangu, nami nikamwambia macho haya haya ndiyo yanayoona kibodi kumi na moja. Zikatoka zote. Kila kilipotoka kitu, chumba kilivuta pumzi, nami moyoni nikawa naona kitanda cha Mama kitakapokaa, na dirisha, ambalo nilikuwa nimesahau kama lipo.

Nyuma kabisa, imeegemezwa kona, ilikuwa pampu ya baiskeli. Ile ndefu ya kukanyaga kwa mguu na kusukuma kwa mikono miwili. Niliijua. Ilikuwa ya marehemu Baba.

"Baiskeli yenyewe iko wapi?" nikauliza.

"Iliuzwa," akasema Mwalimu. "Unajua iliuzwa."

"Wewe unayo baiskeli?"

"Sina."

"Na mimi sina. Baba namkumbuka bila pampu." Ilikuwa kweli, na nilijisikia hodari kwa kuweza kuisema. "Nje."

Akasita. "Una hakika umemaliza mizizi yote?"

"Mwalimu, tuko wawili humu ndani. Mmoja, wawili. Nimemaliza."

Nilidhani ameshindwa hoja. Akaichukua pampu akatoka nayo, akasema anakwenda kumsaidia yule bwana kufunga kamba, na akakaa huko muda mrefu kuliko kamba yoyote inavyohitaji. Sikulitilia maanani. Nilikuwa na ndoo na tambara, nimepiga magoti, nasugua sakafu iliyokuwa haijaona maji miaka sita.

Jumamosi saa sita kasorobo, kaka alimshusha Mama mlangoni. Amekonda. Mkono mmoja fimbo, mkono mwingine ule mkoba wake mweusi ambao haumpi mtu. Kaka alikuwa na safari, akaaga akiwa amesimama.

"Shikamoo Mama," akasema Mwalimu, akapokea begi kubwa.

"Marahaba, baba. Naona umekonda, huyu anakulisha?"

Nilimwingiza chumbani. Kitanda, shuka niliyoipindia mwenyewe, kiti chenye mto, dirisha wazi. Mama akakaa ukingoni mwa kitanda, akatazama kuta nne, polepole, mmoja baada ya mwingine. Nikasubiri kusifiwa.

"Pazuri," akasema. "Pamefagiliwa kweli." Akatazama kona. "Na ile pampu ya baba yako iko wapi?"

Nikaanza kunyoosha shuka iliyokuwa imenyooka.

"Pampu, Mama?"

"Niliiacha hapa siku ile ya kuhama. Nilimpa mumeo mkononi, nikamwambia, 'Baba, niwekee hii, siku moja nitaifuata.' Wewe sikukupa. Wewe unatupa vitu, tangu mdogo."

Nilijaribu kusema ipo. Nilijaribu kusema imehifadhiwa mahali. Sijui kudanganya mbele ya Mama. Maneno yanatoka yamelowa. Na katika kigugumizi changu kile ndipo nilipolielewa somo la mume wangu lote kwa mara ya kwanza. Kuna mtu alikuwa amekishika kile kitu kwa mbali, miaka sita, amekishika kwa nguvu zote, na mimi nilikaa kwenye kigoda changu nikahesabu mmoja, wawili, nikamaliza. Mtu mwenyewe ndiye niliyekuwa namfagilia chumba.

Mama aliona. Mkono wake ukarudi kwenye kishikio cha mkoba mweusi.

"Si kitu, mwanangu. Ni chuma tu. Unajua, mama yako mdogo naye alikuwa ananiita, labda ningekwenda kwanza huko, nyinyi mkaendelea kujipanga..."

"Mama, hapana," nikasema, na nikaona haya kwa jinsi sauti yangu ilivyokuwa ya mtoto.

Mwalimu akaingia. Alikuwa ameishika pampu kwa mikono miwili, mbele yake, imefutwa kutu, imepakwa mafuta ya cherehani yangu. Kwenye mpini kulikuwa na kikaratasi.

"Samahani Mama," akasema, "niliitoa kuisafisha."

Mama akaachia mkoba. Akaipokea pampu, akaishika mpini kama mtu anavyoshika mkono wa mwenzake, akakigusa kile kikaratasi kwa kidole. "Hapa pameandikwa nini? Miwani yangu imo kwenye begi. Nisomee, mwanangu."

Nikasoma. Ulikuwa wino wa kijani.

"Inahitajiwa na Mama," nikasoma. "Yuko njiani."

Ilibidi nisome mara mbili, mara ya kwanza haikusikika. Mume wangu alikuwa anatazama dirisha kana kwamba amelinunua leo. Nilimpenda saa ile kuliko nilivyowahi kumpenda, na nikaona aibu. Alikuwa amemhesabu Mama yangu miongoni mwa wenye kupumua wa nyumba hii kabla mimi binti yake sijamhesabu.

Mama aliweka mguu mzima juu ya kikanyagio, akasukuma mara moja. Pampu ikatoa ile pumzi yake ndefu, ambayo tulikuwa tunaamka nayo kila asubuhi nyumbani. Akacheka peke yake. Halafu akasema ana njaa.

Jumatatu asubuhi niliingia kumfagilia. Mama alikuwa kitini karibu na dirisha, miwani usoni, pampu imeegemea ukuta pembeni yake. Ufagio ukagonga kitu chini ya kitanda. Nikainama, nikakivuta.

Kibodi. Ile isiyo na A. Ina kikaratasi cha wino wa kijani: Inahitajiwa na Mama.

Nikasimama nayo. "Mama, hii ni yako?"

Mama akaitazama juu ya miwani, macho makavu kabisa. "Ni yangu. Naihitaji sana."

"Kwa kazi gani?"

Akafikiri, kama mtu anayekumbuka alichoambiwa.

"Herufi nyingine zote zimebaki," akasema.

Nje ya mlango nikasikia mtu anameza kicheko, na skrubu ikadondoka sakafuni. Nikairudisha kibodi chini ya kitanda, nikaendelea kufagia.